Hamira ya Mwezi wa Mei

Tiruchi, 9 Oktoba 1986

Akka Vadivu, dada yangu,

Barua hii usimsomee mama. Mwambie nimeandika kuulizia ng'ombe, kisha ikunje uifiche.

Tasnifu yangu imerudishwa. Miaka sita, Akka. Mtahini wa nje ni Profesa Keshavdatt Upreti wa Almora, huko milimani kaskazini, na kaandika ukurasa mmoja na nusu tu. Sura tatu za kwanza kazisifu kwa maneno mawili. Sura ya nne, ile niliyoilea kama mwanangu, anasema haina ukweli ndani yake. "Nimeyarudia majaribio ya mtahiniwa mara tatu, kwa mbegu za hamira alizonitumia mwenyewe na kwa masharti aliyoyaandika. Sikuona pete." Ameishia hapo, kama mtu anayeagiza chai.

Najua utauliza pete gani, maana ulipokuwa hapa ulisinzia kila nilipoanza kueleza. Nisikilize tena. Hamira, hii hii ya mikate, ni kiumbe cha seli moja, na seli hiyo ina ngozi ya mafuta. Ili ipike baadhi ya mafuta hayo inahitaji kiungo kiitwacho inositoli. Ikikikuta nje inakiokota na kufunga jiko lake. Isipokikuta, inafungua jiko na kujitengenezea. Ndani yake ipo jeni ambayo kazi yake ni kutoa mlinzi wa kulifunga jiko hilo. Nilichokipata mimi ni hamira ambayo mlinzi wake ameharibika: jiko halifungwi kamwe, inapika mpaka kiungo kinafurika nje. Sasa pembeni yake panda hamira nyingine, ya rangi nyekundu, isiyoweza kujipikia. Hii nyekundu inakula makombo ya jirani na kuota kwa mviringo, ikimzunguka. Hiyo ndiyo pete. Nimeiona kwenye visahani vya maabara sitini na viwili, kwa macho haya haya.

Yeye haioni. Basi ama mimi ni mwongo, ama yeye ni mzee aliyechoka ambaye hataki msichana wa Tiruchi asiye na mashine aone asichokiona yeye. Mimi nimekwisha kuamua ni lipi kati ya hayo.

Dkt. Natesan, msimamizi wangu, ananishauri niing'oe sura ya nne. Sura tatu zinatosha, anasema. Nitapata shahada kabla ya sikukuu ya Pongal, na ile nafasi ya kufundisha chuo cha wanawake itakuwa yangu. Anasema hakuna atakayeniuliza sura ya nne ilikwenda wapi.

Mimi nitajiuliza.

Mdogo wako,
Siva

*

Karaikudi, 16 Oktoba 1986

Siva,

Nimemwambia mama unaulizia ng'ombe. Amefurahi kupita kiasi, na tangu asubuhi ananieleza habari za ng'ombe ambaye namkamua mimi mwenyewe kila siku. Adhabu hiyo umenipa wewe.

Huyo profesa wako nimekwisha kumchukia. Shemeji yako anasema watu wa milimani hata wali hawaujui, wanakula majani na viazi, kwa hiyo tusitegemee wajue hamira. Nimemwambia akae kimya, yeye mwenyewe mchuzi wa sambar humshinda kupika.

Mtu asikuambie hukuiona hiyo pete, mimi ni shahidi. Si ule mwezi wa Mei mwaka juzi, nilipokuja kung'olewa jino? Lile kabati lenu la joto pale maabara lilikuwa limekufa na umeme unakatika ovyo. Ukavileta visahani chumbani kwako ukavipanga juu ya kabati la nguo, ukanikataza nisiwashe feni, eti visiingie vumbi. Nililala sakafuni kwenye saruji kama mjusi, shavu limevimba. Siku ya tatu ukaniita unionyeshe duara jekundu, zuri kama alama ya kumkum kwenye paji la uso, ukawa unalia. Nikakuambia, wenzako wanawaonyesha dada zao picha za wachumba, wewe unanionyesha uvundo.

Basi waite mahakama, nitakuja kuapa.

Dada yako,
Vadivu

*

Tiruchi, 22 Oktoba 1986

Akka,

Barua yako niliianza nimesimama, nikaimaliza nimekaa.

Masharti niliyoandika kwenye sura ya nne ni nyuzijoto thelathini. Hamira hukuzwa kwa thelathini. Kila mtu huandika thelathini. Nilitaka kukuambia kwamba niliandika bila kufikiri. Si kweli. Nilifikiri. Niliona aibu kuandika "juu ya kabati la nguo", watu wa Bombay na Delhi wasome wacheke. Nikajiambia joto kidogo halibadilishi kitu, nikaandika namba ambayo sikuipima.

Kabati la maabara sasa limetengenezwa. Jana nimefungua visahani vipya. Kwenye thelathini, hakuna pete hata moja. Kwenye thelathini na saba, pete kila mahali.

Kwa hiyo Profesa Upreti alifanya nilichomwambia, hatua kwa hatua, na akaona alichopaswa kuona. Nimemtukana mzee wa watu bure. Mwongo ni mimi.

Nimemweleza Dkt. Natesan. Alifunga mlango kwanza. Kisha akaniambia kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha, kwamba nikikiri namba moja ya kubuni, hata sura tatu nzuri zitatiliwa shaka, na Chuo kinaweza kuifuta tasnifu nzima. Ananisihi niing'oe sura na ninyamaze. Yeye anastaafu mwakani. Anataka kuniona nimefika kabla hajaondoka.

Nifanye nini?

Siva

*

Karaikudi, 27 Oktoba 1986

Siva,

Mimi sijui jeni wala mlinzi wake. Najua mficha uchi hazai. Mwandikie mzee.

Ukifukuzwa, njoo, kitanda chako kipo. Nitakutania miaka mitatu hivi, kisha nitaacha.

Vadivu

*

Tiruchi, 8 Novemba 1986

Mheshimiwa Profesa Upreti,

Mimi ndiye mtahiniwa uliyemrudishia tasnifu mwezi Septemba. Najua mtahiniwa hapaswi kumwandikia mtahini. Lakini nina jambo ambalo hakuna mwingine anayeweza kukueleza.

Katika sura ya nne niliandika kwamba visahani vilikuzwa kwa nyuzijoto thelathini. Sivyo. Kabati la joto lilikuwa bovu. Visahani vyote sitini na viwili vilikaa chumbani kwangu siku tatu za mwezi wa Mei, na joto la chumba sikulipima. Niliandika thelathini kwa sababu niliona aibu. Msimamizi wangu hakujua.

Mwezi uliopita nimerudia jaribio kwa kipimajoto. Kwa thelathini sioni pete, kama wewe. Kwa thelathini na saba naiona. Naamini jeni hii imeharibika kwa namna inayojitokeza kwenye joto tu. Sikuombi uniamini, nimekwisha kukupa sababu ya kutoniamini. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi mbili nilizozidondoshea hamira na kuzikausha. Yenye alama ya wino ni mbegu iliyobadilika, isiyo na alama ni mbegu mama. Ukiziweka kwenye chakula zitaamka.

Nakala ya barua hii nimempelekea Msajili wa Chuo.

Kwa heshima,
Sivakami Ponnambalam

*

Tiruchi, 27 Desemba 1986

Akka,

Wiki saba, na Almora hakuna jibu.

Kutoka kwa Msajili ndiyo. Mstari mmoja: shauri langu limesimamishwa "kwa ombi la mtahini wa nje, hadi atakapoleta taarifa nyingine". Karani aliyenikabidhi hakunitazama usoni. Chuo cha wanawake wamempa mtu mwingine ile nafasi, na siwalaumu. Dkt. Natesan hanilaumu hata yeye. Kila siku saa nne ananiletea kahawa, kama mtu anayemhudumia mgonjwa.

Naona mzee anaandika taarifa ndefu ya kunimaliza. Angekuwa na jambo jema la kusema angelisema kwa kadi ya posta.

Mwambie mama nitakuja Pongal. Usimwambie kwamba huenda nikakaa.

Siva

*

Almora, 11 Januari 1987

Bi Sivakami,

Nimechelewa. Nitaeleza sababu, lakini lililo gumu kwanza.

Uliandika namba ambayo hukuipima. Nina miaka thelathini na moja katika kazi hii na sina jina laini la kitendo hicho. Hilo nimelisema, sitalirudia.

Barua yako ilinifikia tarehe 19 Novemba. Siku hiyo hiyo niligeuza kitasa cha kabati langu kutoka thelathini hadi thelathini na saba. Siku ya tatu nikaona pete kumi na mbili kwenye visahani kumi na viwili. Mtu mwingine angekuandikia siku hiyo. Mimi nilijiuliza: na kama ni uchafu? Mtu akikudanganya mara moja, unapima mara mbili.

Nikaiozesha mbegu yako na mbegu nzima. Nikangoja uzao. Hamira huzaa watoto wanne katika mfuko mmoja, nami niliwatenganisha mmoja mmoja kwa sindano ya kioo, kwa mkono wangu, kwa kuwa msaidizi wangu yuko likizo na maji ya bomba yameganda. Mifuko arobaini na miwili. Katika kila mfuko watoto wawili walitoa pete kwenye joto, na wawili hawakutoa. Mfuko hata mmoja haukukosea. Uchafu haugawanyi kwa haki kiasi hicho. Ni jeni moja.

Ndiyo maana nilimwomba Msajili asifunge jalada. Nilihofia angelifunga kabla sijamaliza.

Sasa nisikilize vizuri, kwa maana sidhani kama unajua ulichokipata. Mlinzi wa jiko hakufa. Penye baridi anasimama wima, penye joto anaanguka. Maana yake ni kwamba unaweza kufungua jiko kwa kugeuza kitasa, halafu ukahesabu dakika: jeni inaamka lini, mafuta ya ngozi yanabadilika lini, ni lipi linaloanza. Tumebishana juu ya hilo kwenye mikutano mpaka chai ikapoa, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na mlango wa kuufungua atakapo. Wewe unao. Ulikaribia kuuzika kwa kuonea aibu kabati la nguo.

Masharti yangu ni haya. Utaiandika upya sura ya nne. Ukurasa wake wa kwanza utasema ulichofanya mwezi wa Mei, bila kupunguza. Utaitetea tasnifu hadharani. Nitakuja mwenyewe.

K. Upreti

*

Tiruchi, 19 Aprili 1987

Akka,

Ungekuwepo. Mtoto wako kachagua wiki gani ya kuugua surua! Kaa chini, nikusimulie.

Mzee alishuka stesheni amevaa koti la sufu. Aprili, Tiruchi, koti la sufu. Ni mfupi, Akka, ananifika begani, na amebeba kikapu kilichofunikwa kitambaa ambacho hakutaka mpagazi akiguse. Nilimwinamia kumgusa miguu kwa heshima. Akaniambia nisubiri kwanza nione kama atanipasisha.

Ukumbi ulijaa. Walikuja mpaka watu wa fizikia, kwa sababu habari ilikuwa imeenea kwamba kuna msichana atakayejichongea mwenyewe hadharani. Nikaanza na ukurasa wa kwanza, kama alivyoagiza. Nilisema kabati la nguo. Nilisema thelathini. Wachache walicheka, na unajua, kicheko kile nilichokiogopa miaka miwili kilikwisha kabla sijameza mate.

Kisha nikaendelea. Nimefanya kazi tangu Januari kama mwendawazimu: nilifungua jiko kwa joto na kuchukua sampuli kila dakika tano. Jeni ndiyo inayoamka kwanza. Dakika kumi hivi. Mafuta ya ngozi yanafuata baadaye sana, yakisha kupata kiungo chao. Nilipoweka mchoro ukutani Dkt. Natesan alivua miwani, akaipangusa, akavaa tena, akavua.

Ndipo mhadhiri mmoja wa fizikia akasimama. Akasema, "Mtahiniwa amekiri kwamba aliandika namba ya uongo. Leo ameleta namba nyingi zaidi. Kwa nini tumwamini?"

Nilikuwa na jibu refu nililolikariri. Nikaliacha.

"Msiniamini," nikamwambia. "Pandeni wenyewe. Pale mlangoni nimeweka bahasha arobaini, kila moja ina mbegu na kipande cha karatasi chenye maelekezo. Kila mtu achukue ya kwake."

Mzee akanyanyuka, akaweka kikapu mezani, akakifunua. Visahani ishirini. Alisema alivipanda Almora asubuhi ya kuondoka, kumi kwa mbegu yangu na kumi kwa mbegu mama, vikiwa vyeupe vyote kama maziwa, akavibeba kati ya miguu yake siku nne za treni.

"Kufika Jhansi vilikuwa bado vyeupe," akasema. "Nagpur vikaanza kuona haya. Kutoka hapo hadi Madras mimi nilikuwa nakufa kwa joto, vyenyewe viko harusini."

Akavipitisha mkono kwa mkono. Kumi vilikuwa na pete nyekundu, kumi havina, na vyote vimesafiri kikapu kimoja. Yule wa fizikia alikishika kimoja muda mrefu, akakipeleka dirishani, akarudi akakaa.

Nilidhani amemaliza. Hakuwa amemaliza. Alisimama pale na koti lake, jasho likimtoka, akasema kwa sauti ya chini, na ukumbi mzima ukainama kumsikia: "Mwaka jana nilipoyarudia majaribio haya, siku moja kabati langu lilipanda joto kwa hitilafu. Kisahani kimoja kikatoa pete. Nikasema ni uchafu, nikakitupa, na kwenye ripoti yangu sikukitaja. Binti huyu aliandika asichokipima. Mimi nilikiona kitu nisikiandike. Yeye alikiri bila kuulizwa. Mimi nimengoja mpaka leo. Naomba Chuo kizingatie hilo kinapoamua nani kati yetu afanyiwe mtihani."

Akka, sikuweza kumtazama. Nilitazama vidole vyangu.

Wajumbe wa jopo walitoka nje dakika sita. Waliporudi, Dkt. Natesan ndiye aliyetumwa kusoma uamuzi, na hakuweza. Aliitamka "tasnifu" mara tatu. Mwisho Profesa Upreti akamnyang'anya karatasi akasoma mwenyewe: imekubaliwa, bila masharti, na kwa sifa.

Nilimpeleka nyumbani kula. Alikula vikate kumi na kimoja vya idli kwa mtindi. Chatne ya pilipili aliionja mara moja, akaniuliza kama hiyo nayo ni sehemu ya utetezi. Kabla ya kupanda treni akaniruhusu kumgusa miguu.

Mwambie mama. Yote, hata lile la uongo. Anza na lile la uongo.

Siva wako

*

Karaikudi, 25 Aprili 1987

Daktari,

Nimemsomea mama barua nzima. Kwenye uongo aliniambia nirudie. Kwenye idli kumi na moja akauliza nani alizipika. Kwenye uamuzi akainuka, akavaa sari yake ya hariri ya kijani, na kutoka. Nilimkuta nyumba ya nne, anaeleza jinsi jiko linavyofungwa na mlinzi, na kaeleza vizuri kuliko wewe. Amekwisha kufika hadi hekaluni. Kuhani kamuuliza hamira hiyo inatibu nini. Akamjibu haitibu kitu, imemshinda profesa.

Mtoto amepona. Amebaki na madoa mekundu ya mviringo. Nimeyahesabu nikakukumbuka, nikacheka peke yangu kama kichaa.

Akka

*

Almora, 30 Juni 1987

Daktari Sivakami,

Makala uliyonitumia niyasome nimeyasoma. Ni mazuri. Nimesahihisha koma tatu na kufuta kitu kimoja: jina langu, uliloliweka la pili chini ya kichwa. Unasema niliifanya kazi ya mifuko arobaini na miwili. Kweli, lakini niliifanya ili nikukamate. Aliyekuwa mwindaji haandikwi kwenye orodha ya walioandaa karamu. Nishukuru chini kabisa, kwa herufi ndogo, kama wanavyoshukuriwa watu wa aina yangu.

Uyapeleke kwenye jarida kubwa. Wakiyarudisha, uyapeleke tena huko huko.

Upreti

*

Tiruchi, 14 Februari 1988

Akka,

Waliyarudisha, nikayapeleka tena huko huko.

Leo asubuhi Mariadas wa posta alikuja na kifurushi cha rejista, akasimama barabarani akisoma anwani kwa sauti, "Daktari, Daktari," akiuliza nyumba kwa nyumba. Nikamwambia ni changu. Akanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye ndala. Miaka minane ananiletea barua, akasema, na sikumwambia kuwa mimi ni daktari, wakati yeye mgongo unamuua kwa ule mfuko. Akajigeuza palepale anionyeshe panapouma.

Nikamwambia, "Mariadas, mimi ni daktari wa hamira."

Akafikiri. "Basi tia sahihi," akasema.

Nilikifungua nikiwa bado mlangoni. Jarida lenyewe, ukurasa wa mia mbili na kumi na nne: pete yangu, kubwa kama kiganja, na chini yake jina moja tu. Ndani kulikuwa pia na barua mbili, moja ya Graz na nyingine ya Osaka, wanaomba mbegu. Na katika maelezo ya majaribio, mhariri hakugusa neno langu hata moja: "Visahani vya awali vilikuzwa juu ya kabati la nguo la mwandishi, Tiruchirappalli, mwezi wa Mei, joto halikupimwa." Kila atakayetaka kufanya kazi hii, popote alipo, itabidi apitie juu ya kabati langu.

Chuo cha wanawake wameniita tena. Nimewaambia nitakuja nikisha kuzijibu barua hizi, na kwamba nitahitaji kipimajoto kizuri.

Mariadas alikuwa bado ananyoosha daftari lake. Nikatia sahihi. Niliandika jina lote, na ile Dkt. mbele, likajaa mstari mzima likavuka hadi kwenye kisanduku cha pili, naye akanung'unika kwamba nimekula nafasi ya mtu mwingine.

Dkt. Sivakami Ponnambalam